Emin Pasha na Nguvu ya Barua: Kutoka Lado hadi Bukoba, 1876–1892

1.0 Utangulizi

Historia ya vita kwa kawaida huandikwa kwa kufuata mapigano: nani alishinda, wapi, na kwa silaha gani. Makala haya yanafuata njia nyingine. Yanaeleza maisha ya Emin Pasha, mtu ambaye jina lake limefungamana na kuanzishwa kwa Bukoba mwaka 1890, kwa kuzichunguza barua alizoandikiwa na alizoandika wakati wa vita vya mapinduzi ya Mahdi nchini Sudan. Emin alikuwa gavana asiyekuwa mwanajeshi. Majemadari waliomkabili walikuwa na jeshi lililokwisha kuuangusha utawala wa Kituruki na Kimisri karibu katika nchi nzima. Kwa miaka mitano yeye na majemadari hao hawakuonana uso kwa uso. Walikutana katika karatasi.

Hoja tutakayoitetea ni kwamba nguvu ya barua haimo katika maneno yake peke yake. Imo pia katika njia iliyopitia, katika mkono ulioileta na katika imani ya wale wanaosomewa. Emin aliletewa barua na maadui zake na barua na serikali yake mwenyewe. Za maadui ziliaminika, ilhali za serikali yake zilikataliwa. Katika tofauti hiyo tunaweza kuiona sababu ya kuanguka kwake, na hata sababu ya kufika kwake katika pwani ya Buhaya.

2.0 Kutoka Oppeln hadi Lado

Emin alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 katika mji wa Oppeln, jimbo la Silesia, ambao leo umo nchini Poland. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer, na wazazi wake walikuwa Wayahudi. Baba alifariki mtoto akiwa bado mdogo, mama akaolewa tena na Mkristo, naye mtoto akabatizwa. Alisomea udaktari na kuhitimu mwaka 1864, lakini hakupata idhini ya kufanya kazi hiyo nchini mwake. Akaondoka kwenda kujitafutia riziki katika dola ya Waturuki, akawa daktari wa karantini katika bandari ya Antivari, pwani ya Bahari ya Adriatiki. Huko alijifunza lugha kwa wepesi wa ajabu, akazoea mavazi na adabu za Kituruki, na hatimaye akachukua jina la Mehmed Emin. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa jina hilo: ndilo Amini, yaani mwaminifu, mtu wa kuaminika.

Mwishoni mwa mwaka 1875 alifika Khartoum. Mwaka uliofuata, Charles Gordon, Mwingereza aliyekuwa gavana wa Jimbo la Ikweta kwa niaba ya Khedive wa Misri, alimwita Lado, makao makuu ya jimbo hilo katika Mto Naili, awe mganga mkuu. Gordon aligundua upesi kwamba daktari huyu alifaa zaidi kwa kazi ya ujumbe. Alimtuma kwa Kabaka Mutesa wa Buganda na kwa Mukama Kabarega wa Bunyoro. Katika ikulu ya Mutesa barua ziliandikwa kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, na Emin, aliyekuwa mpole, mvumilivu na mjuzi wa adabu za mazungumzo, alisikilizwa pale ambapo maofisa wengine walitiliwa shaka.

Mwaka 1878 Emin alifanywa gavana wa Jimbo la Ikweta. Alirithi jimbo lenye deni, maofisa wala rushwa na biashara ya watumwa iliyoendeshwa na baadhi ya watumishi wa serikali wenyewe. Katika miaka michache alipunguza maovu hayo, akahimiza kilimo, na hazina ya jimbo ikawa na ziada. Wakati huohuo alikusanya ndege, mimea na maneno ya lugha za wenyeji, akavipeleka kwa wataalamu wa Ulaya pamoja na barua ndefu. Alikuwa mtu wa kalamu kabla vita havijamlazimisha kuifanya kalamu kuwa ngao.

3.0 Barua za Karamallah

Mwezi Juni 1881, katika kisiwa cha Aba, Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa ndiye Mahdi. Wito wake ulikuwa wa kidini, lakini uliwagusa watu waliokwisha kuchoshwa na kodi nzito na dhuluma za watawala wa kigeni. Ndiyo maana harakati zake zinastahili kuitwa mapinduzi: zilikusudia kuing'oa serikali nzima na kusimika utaratibu mwingine wa maisha. Novemba 1883 jeshi lililoongozwa na Jenerali Hicks liliangamizwa huko Shaykan. Tangu Aprili mwaka huohuo hakuna meli iliyokuwa imefika Lado kutoka Khartoum. Jimbo la Ikweta likawa kisiwa katikati ya nchi kavu.

Mei 1884 ilimfikia Emin barua ya kwanza ya Karamallah Kurqusawi, jemadari ambaye Mahdi alimweka kuwa amiri wa Bahr el Ghazal. Karamallah alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa kiongozi wa vita, na alijua thamani ya ushahidi. Barua yake ilimtaka gavana ajisalimishe, ikamwahidi usalama na kumwonya juu ya gharama ya kukataa. Pamoja nayo zilifika habari za Lupton, gavana wa Bahr el Ghazal na jirani wa Emin. Lupton mwenyewe alikuwa amemwandikia kwamba mambo yamekwisha: askari wake wamemwacha, naye amesalimu amri. Kwa hiyo barua ya adui ilithibitishwa kwa mkono wa rafiki.

Emin aliwaita maofisa na makarani wake kushauriana. Hali ya silaha ilikuwa mbaya na wengi waliona heri kusalimu amri. Gavana akajibu kwa utii. Aliahidi kujisalimisha na akautuma ujumbe wa watu wenye heshima mjini, akiwemo kadhi, uende kwa Karamallah. Jibu hilo limewasumbua waandishi wengi wa maisha yake. Wako wanaoliona kuwa ni woga, na wako wanaoliona kuwa ni hila ya kujipatia muda. Matokeo yake yanaonyesha kwamba lilikuwa na sura zote mbili. Muda ulipatikana kweli, kwani Lado haikushambuliwa mara moja. Hata hivyo barua ya utii haikusomwa na Karamallah peke yake. Habari zake zilienea katika vituo vya jimbo, na askari walioambiwa wakae imara wakajua kwamba gavana wao amekwisha kuahidi kusalimu amri. Muda uliopatikana ulilipiwa kwa imani.

Kituo cha Amadi, magharibi mwa Lado, kilizingirwa na wafuasi wa Mahdi na kuanguka Machi 1885. Mwezi uliofuata Karamallah aliandika tena. Safari hii alieleza kwamba Khartoum imetekwa na Gordon ameuawa, mambo yaliyotokea tarehe 26 Januari mwaka huo. Emin hakujibu kwa utii tena. Alikusanya baraza, akaamua kuhama na kuelekea kusini, na katikati ya mwaka akahamishia makao yake Wadelai, karibu na Ziwa Albert. Karamallah hakumfuata. Mahdi alifariki tarehe 22 Juni 1885, na mambo ya kaskazini yakamwita jemadari wake arudi. Jimbo likapata nafuu ya miaka mitatu.

4.0 Barua kutoka Cairo

Kaskazini kulipozibwa, Emin aligeuza njia ya barua. Kutoka Wadelai zilipita Bunyoro, ambako Mwitalia Gaetano Casati alikuwa mwakilishi wake kwa Kabarega. Kutoka hapo zilikwenda Buganda kwa mmisionari Alexander Mackay, na kusini zaidi zilivuka Ziwa Viktoria kwa mitumbwi, kisha zikabebwa na misafara ya Waswahili na Wanyamwezi hadi Unguja. Njia ya mitumbwi ilifuata pwani ya magharibi ya ziwa, pwani ileile ambayo ndani yake imo ghuba ya Kemondo. Hivyo maandishi ya Emin yaliifahamu pwani ya Buhaya miaka kadhaa kabla mwenyewe hajaikanyaga. Wachukuzi wake walifanya kazi ya hatari. Mohammed Biri, mfanyabiashara kutoka Tripoli aliyepeleka barua na bidhaa baina ya Buganda, Bunyoro na Wadelai, aliuawa Bunyoro mwaka 1888.

Februari 1886 njia hiyo ilileta barua aliyoingojea kwa muda mrefu: barua ya Nubar Pasha, waziri mkuu wa Misri. Ilimwarifu kwamba serikali imeamua kuiacha Sudan, kwamba haiwezi kumsaidia, na kwamba yuko huru kutenda aonavyo vema, hata kurudi kwa njia ya Unguja. Barua iliandikwa kwa Kifaransa, kwa lugha baridi ya ofisini. Mtu aliyeishika bendera ya Khedive kwa miaka miwili bila msaada aliona uchungu.

Lililo zito zaidi ni jinsi askari wake walivyoipokea. Wengi wao walikuwa Wasudani na Wamisri waliozaliwa, kuoa na kuandikishwa jeshini katika dunia ambamo amri zote zilitoka Khartoum, kaskazini, kwa meli. Sasa waliambiwa kwamba serikali yao inawaagiza waondoke kuelekea kusini, kupitia nchi wasizozijua, kwa barua iliyotokea Unguja. Batalioni ya kwanza, iliyokaa Rejaf na vituo vya kaskazini, ilikataa. Kwa maoni ya askari hao, serikali haiwezi kuzungumza kutoka upande usio wake. Barua halali ikaonekana bandia kwa sababu ya njia iliyopita.

Emin mwenyewe hakutaka kuondoka. Aliwaandikia marafiki zake wa Ulaya akiomba risasi, nguo na njia ya biashara, ili aendelee kuwatunza watu wake mahali walipo. Mwaka 1886 barua hizo zilichapishwa katika magazeti na kuamsha huruma kubwa, hasa Uingereza, ambako kifo cha Gordon kilikuwa bado kidonda kibichi. Lakini wasomaji walisoma walichotaka kukisoma. Aliyeomba msaada wa kubaki alihesabiwa kuwa anaomba kuokolewa. Msafara wa Henry Morton Stanley uliondoka Unguja Februari 1887, ukazunguka kwa bahari hadi mdomo wa Mto Kongo na kupita msitu wa Ituri, ambamo mamia ya wachukuzi kutoka Unguja walipoteza maisha yao. Stanley alipoonana na Emin kando ya Ziwa Albert mwishoni mwa Aprili 1888, waokoaji walikuwa wamedhoofika kuliko waliokuja kuokolewa.

5.0 Barua ya Omar Saleh

Stanley alileta barua ya Khedive Tawfiq. Ilisomwa mbele ya askari katika kituo baada ya kituo. Khedive aliwapa hiari: wanaotaka kuondoka na Stanley waondoke, wanaotaka kubaki wabaki kwa jukumu lao wenyewe. Maofisa walioisikiliza walikuwa na hoja ambayo si rahisi kuibeza. Khedive, walisema, huamuru; hashauri. Barua inayompa askari hiari haiwezi kuwa ya mfalme wake. Zaidi ya hayo, ililetwa na wageni waliochakaa, wenye masanduku machache ya risasi. Uvumi ukaenea kwamba Emin na Mzungu mwenzake wanataka kuwatoa watu na familia zao ili wawauze kwa Waingereza. Agosti 1888 maofisa waliasi. Emin alikamatwa na kufungwa huko Dufile pamoja na Jephson, msaidizi wa Stanley.

Alikuwa bado kifungoni Omar Saleh, jemadari wa Khalifa Abdallahi aliyekuwa amemrithi Mahdi, alipowasili kwa meli kutoka kaskazini mwezi Oktoba. Wajumbe watatu waliletwa Dufile wakiwa na barua kwa jina la Emin. Omar Saleh alimwandikia gavana kwa heshima. Alimhesabia ushindi wa Mahdi mmoja baada ya mwingine, akamtajia Wazungu waliojisalimisha na kupewa majina mapya ya Kiislamu, akamwahidi msamaha. Kwa mpangilio wake, ilikuwa barua ya kidiplomasia iliyokamilika: dua, salamu, mawaidha, ushahidi, ahadi, na onyo mwishoni.

Hali hiyo ilikuwa ya ajabu. Jemadari wa mapinduzi alikuwa akimtambua gavana ambaye askari wake mwenyewe walikwisha kumvua madaraka. Waasi waliifungua barua, kisha wakalazimika kutafuta shauri la mfungwa wao, kwa kuwa hawakuwa na mwingine mwenye uzoefu wa kulijibu jambo kama hilo. Wajumbe hawakujibiwa kwa barua. Waliteswa na hatimaye kuuawa, kinyume cha desturi inayomlinda mjumbe, desturi ambayo Waswahili wameihifadhi katika methali. Rejaf ilianguka, na mwishoni mwa Novemba Dufile yenyewe ilishambuliwa, ingawa washambuliaji walirudishwa nyuma. Katika fadhaa hiyo Emin aliachiwa aende Wadelai.

Barua nyingine ya vita hivyo ilisafiri mbali zaidi. Desemba 1888 Osman Digna, jemadari wa Khalifa katika pwani ya Bahari ya Shamu, aliwapelekea Waingereza wa Suakin habari kwamba Emin na msafiri wa Kizungu wametekwa. Habari hiyo haikuwa kweli, lakini ilifuatana na nakala ya barua ya Khedive iliyokuwa imetoka Jimbo la Ikweta, na kwa muda Ulaya ilitishika. Karatasi ileile ambayo askari wa Dufile waliikataa kuwa ni bandia, huko Suakin ilipokewa kuwa ushahidi wa jambo ambalo halikutokea.

6.0 Bukoba na Pwani ya Magharibi ya Ziwa

Tarehe 10 Aprili 1889 Emin aliondoka Kavalli na Stanley akiongozana na watu wapatao 1,500. Walipita Ankole, wakavuka Mto Kagera, wakapumzika Karagwe, wakafika Bagamoyo tarehe 4 Desemba. Wengi wa watu wa jimbo lake walikufa au kuachwa njiani. Usiku wa kuwasili, katika karamu ya kumkaribisha, Emin ambaye macho yake yalikuwa mabovu alianguka kutoka dirishani na kupasuka fuvu. Alilazwa kwa wiki kadhaa. Alipopona hakurudi Misri wala Ulaya. Aliingia katika utumishi wa Wajerumani, na Aprili 1890 akaanza safari ya kurudi bara pamoja na Franz Stuhlmann na Wilhelm Langheld.

Novemba 1890 aliweka kituo Bukoba, katika nchi ya Kyamtwara iliyotawaliwa na Mukama Mukotani. Wenyeji hawakuwa watu waliokosa serikali. Walikuwa na falme zenye nasaba, mipaka na mashindano yao. Kusini mwa Bukoba, Kahigi wa Kihanja, ambaye makao yake yalikuwa Kanazi, si mbali na Kemondo, alikuja kuutumia ujio wa Wajerumani kupanua mamlaka yake, wakati Mukotani alipoyapoteza yake. Kwa Emin, Bukoba ilikuwa mahali pa kupumulia na pa kuazimia safari nyingine. Kwa wakazi wa pwani hiyo ilikuwa mwanzo wa utawala wa kigeni ambao hawakuuomba.

Miezi michache kabla ya hapo, tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimekwisha kutia sahihi mkataba uliogawa nchi kwa mstari wa digrii 1 kusini mwa Ikweta. Hiyo nayo ilikuwa karatasi yenye nguvu, na hakuna Mhaya aliyeshauriwa kabla haijaandikwa. Wissmann, mkuu wa Wajerumani pwani, hakuridhika na mwenendo wa Emin na akaamuru arudi. Emin, ambaye zamani alikuwa ameona uchungu askari walipozidharau barua za serikali, safari hii hakuitii amri ya serikali yake mpya. Februari 1891 aliiacha Bukoba mikononi mwa Langheld, akaelekea magharibi na kaskazini.

Karibu na Ziwa Albert aliwakuta askari wake wa zamani walioongozwa na Selim Bey. Aliwaalika wamfuate. Walio wengi walikataa, kwa kuwa walijihesabu bado kuwa askari wa Khedive. Baadaye mwaka huohuo Lugard aliwachukua na kuwapeleka Uganda, lakini kwanza ilibidi akubali kumwandikia Khedive kuomba ruhusa. Watu walioitwa waasi walikuwa, kwa namna yao, waaminifu kuliko wote: walichohitaji ni barua kutoka kwa mwenye mamlaka, kwa njia waliyoiamini. Kizazi chao ni sehemu ya Wanubi wa Uganda na Kenya.

7.0 Barua Mbili za Kibonge

Ndui iliuvamia msafara. Desemba 1891 Emin, akiwa karibu kipofu, alimwamuru Stuhlmann awachukue walio wazima na kurudi Bukoba, ambako walifika Februari 1892. Yeye alibaki na wagonjwa, kisha akaingia msitu wa Kongo akitumaini kufika upande wa magharibi. Nchi hiyo ilikuwa chini ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, ambao wakati huo walikuwa wakiingia vitani na Wabelgiji.

Kwa mujibu wa maungamo ya wauaji wake, yaliyochukuliwa mwaka 1894 kabla hawajanyongwa, Emin alifika kwa Kinena akiwa na barua ya Kibonge, mmoja wa wakuu wa Waarabu, iliyomhakikishia njia salama. Mwishoni mwa Oktoba 1892 aliketi mezani kwake barazani, ndege na mimea aliyoikusanya ikiwa mbele yake. Watu wake walikuwa wameshawishiwa kuacha bunduki na kwenda shambani kutafuta chakula. Wauaji walipomshika mikono, alitegemea ile barua ya amani. Akaonyeshwa nyingine, pia ya Kibonge, iliyoamuru auawe. Aliisoma mwenyewe, akatambua kuwa ni ya kweli, na akauawa. Alikuwa na umri wa miaka 52.

8.0 Hitimisho

Maisha ya Emin Pasha yanatufundisha kuisoma barua kama tendo lenye watendaji wengi: mwandishi, mchukuzi, msomaji, na umati unaosikia habari zake. Karamallah na Omar Saleh walilielewa jambo hilo. Waliandika wakiwa na ushahidi wa ushindi nyuma yao, na kwa lugha na taratibu ambazo askari wa Ikweta walizitambua. Serikali ya Cairo iliandika ukweli, lakini kwa lugha ngeni, kwa njia ngeni na kwa mikono ya wageni. Emin mwenyewe aliweza kumchelewesha adui kwa barua moja, lakini hakuweza kuirudisha imani aliyoitumia kununua ule muda.

Aidha, maisha hayo yanatutahadharisha tunapoandika historia ya Kagera. Bukoba imehusishwa mno na jina la mwanzilishi wake, kana kwamba pwani ilikuwa tupu kabla ya Novemba 1890. Ukweli ni kwamba Emin alikaa hapo kwa takriban miezi mitatu tu. Barua na shajara zake zimehifadhiwa na kuchapishwa, ndiyo sababu sauti yake inasikika. Habari za Mukotani, Kahigi na watu wao zilihifadhiwa zaidi katika masimulizi. Mtafiti anayezitegemea nyaraka za Emin pekee atakuwa kama yule aliyeishika barua ya kwanza ya Kibonge: ana maandishi ya kweli mkononi, lakini iko habari nyingine ambayo hajaisoma.